Namna ya kupima mafundisho ya Kikalvini kuhusu wokovu, ubatizo na unabii bila kumwonea mtu

Kabla hujabishana na Mkalvini yeyote, yaani mfuasi wa mafundisho ya John Calvin, mwanamatengenezo wa kanisa wa karne ya 16 kule Geneva, soma kwanza walichoandika wao wenyewe. Hii ndio hatua ambayo wengi wanairuka, mtu anasikia klipu ya dakika tatu alafu anaanza kutangaza kwamba Wakalvini wanaamini Mungu anafurahia watu kwenda jehanamu, na Mkalvini naye anasikia mkesha mmoja tu anaamua wapentekoste wote wamepotea, basi mnarushiana mistari mpaka usiku wa manane na hakuna aliyejifunza kitu. Mimi siamini mafundisho ya Kikalvini kwa ukamilifu wake na nitasema wapi na kwanini, lakini nimeona watu wengi wakiyakataa kwa sababu mbovu, na anayekataa jambo kwa sababu mbovu ipo siku atakutana na mtu aliyesoma, na siku hiyo atakosa pa kusimama.

Maandiko yenyewe yapo bure mtandaoni. Kuna Institutio ya John Calvin, kitabu chake kikuu cha mafundisho, toleo la mwisho la Kilatini ni la 1559, kubwa kweli, usijaribu kulimaliza kwa mkupuo, soma kitabu cha tatu sura ya 21 mpaka 24 kuhusu uteule, yaani Mungu kuwachagua watu wa kuokolewa, na kitabu cha nne sura ya 15 na 16 kuhusu ubatizo. Kuna Kanuni za Dort za 1619, hizi ni fupi, zisome zote. Kuna Ungamo la Westminster la 1646, tamko la imani ambalo Wapresbiteri wanalishika, anza na sura ya 1, ya 3, ya 10 na ya 28. Ukiweza ongeza Ungamo la Wabaptisti wa London la 1689 maana hao ni Wakalvini kwenye wokovu ila kwenye ubatizo wameachana na wenzao, na hiyo tofauti itakusaidia sana huko mbele.

Ukishasoma utaona hivi vitu havilingani asilimia mia. Calvin alifariki Geneva 1564, Sinodi ya Dort, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ikakaa Uholanzi kuanzia 1618 mpaka 1619, zaidi ya miaka 50 baadae, kujibu wafuasi wa Jacobus Arminius, mwalimu wa Uholanzi aliyepinga uteule usio na masharti, ambao mwaka 1610 walitoa hoja tano. Zile pointi tano maarufu za Ukalvini (mwanadamu ameharibika kabisa, uteule hauna masharti, upatanisho una mipaka yaani Kristo alikufa kwa ajili ya wateule tu, neema haizuiliki, na watakatifu watadumu mpaka mwisho) zimetoka hapo, zilikuwa jibu la hoja tano za wenzao, Calvin hakukaa chini kuandika pointi tano, na kile kifupisho cha TULIP watu wanachokariri, herufi za mwanzo za pointi hizo kwa Kiingereza, ni cha Waingereza na Wamarekani wa karne ya 20. Alafu usisahau kwamba Dort haikuwa kikao cha maombi peke yake, siasa ya Uholanzi ilikuwa ndani, mwanasiasa mzee Johan van Oldenbarnevelt aliyewalinda Waarminio alikatwa kichwa Mei 1619 siku chache tu baada ya hukumu ya sinodi kutangazwa, na wachungaji kama 200 walivuliwa kazi. Kwahiyo mtu akikwambia "Ukalvini unasema" muulize ni wa nani, wa Calvin, wa Dort, wa Westminster au wa mhubiri fulani wa Marekani.

Sasa tupa zile shutuma za bei rahisi. Wanasema Calvin ndiye aliyebuni habari ya Mungu kuwachagua watu tangu asili, sio kweli, Augustino wa Hippo kule Afrika Kaskazini alishapigana na mafundisho ya Pelagio, aliyesema mwanadamu anaweza kumtii Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, kwa hoja hizo hizo karibu na mwanzo wa karne ya tano, na Luther aliandika kwa ukali kuhusu utumwa wa mapenzi ya mwanadamu mwaka 1525 wakati Calvin bado kijana mdogo. Wanasema Wakalvini hawahubiri injili, sio kweli tena, Geneva ilituma watu mpaka Brazili 1557, William Carey aliyekwenda India 1793 alikuwa Mbaptisti wa Kikalvini, na hapa kwetu PCEA ya Kenya (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) ni matunda ya wamisionari wa Skotlandi waliolelewa kwenye Ungamo la Westminster. Alafu kuna habari ya Michael Servetus, aliyepinga Utatu, kuchomwa moto Geneva 1553, hiyo ilitokea kweli na Calvin alihusika, ni doa zito na lisifichwe, ila haithibitishi kwamba tafsiri yake ya Waefeso 1 kuhusu uteule ni ya uongo. Uovu wa mwalimu unajibiwa kivyake na hoja yake inajibiwa kivyake.

Wokovu: hapa kaa muda mrefu

Anza pale Wakalvini walipo na nguvu, usianze pale walipo dhaifu. Fungua Yohana 6:44, "Hakuna mtu awezaye kuja kwangu, asipovutwa na Baba aliyenipeleka; nami nitamfufua siku ya mwisho." Mkalvini atakuonyesha kwamba yule anayevutwa ndiye huyo huyo anayefufuliwa, kwahiyo mvuto wa Baba haushindwi. Hiyo ni hoja ya kweli na ukiipita haraka haraka umekosea heshima maandiko. Ukubali kwamba hakuna anayemjia Kristo kwa nguvu zake, hapo hata Arminius alikubali, watu hawajui tu. Ndio baada ya hapo umpeleke Yohana 12:32 ambapo Yesu anasema akiinuliwa juu ya nchi atawavuta wote kwake, na umuulize kama mvuto ni ule ule na haushindwi, mbona sio wote waliookoka. Atakujibu kwamba hapo "wote" ni Wayahudi na Wayunani, kwasababu kweli Wayunani wametajwa mistari michache kabla, na hilo jibu lina uzito wake. Liandike pembeni, utalihitaji sasa hivi.

Maana hilo ndio jibu lile lile utakalolikuta 1 Timotheo 2. Mstari wa 4 unasema Mungu "hutaka watu wote waokolewe, na kupata kujua yaliyo kweli", na Calvin kwenye ufafanuzi wake anasema hapo ni watu wa kila tabaka, sio kila mtu mmoja mmoja, kwasababu mstari wa 2 umetaja wafalme na wenye mamlaka. Usimcheke, mstari wa 2 upo kweli. Wewe fanya hivi, chukua hiyo maana uipitishe kwenye barua nzima uone kama inatembea. Mstari wa 1 inapita. Mstari wa 6, Kristo alijitoa kuwa ukombozi kwa ajili ya wote, inapita kwa kusukumwa kidogo. Alafu fika 4:10, Mungu ni "Mwokozi wa watu wote, hasa wa waaminio." Hapo inakwama. Kama watu wote ni wateule wa kila tabaka basi wote hao ni waaminio au watakuwa waaminio, sasa hilo neno la "hasa" limeletwa kufanya nini? Paulo anaongea kama mtu anayejua kuna kundi kubwa na ndani yake kuna kundi dogo. Kwangu mimi hii ni moja ya sehemu ambazo mfumo umelazimisha andiko, na ongeza 1 Yohana 2:2, "wala si kwa dhambi zetu tu, bali na kwa dhambi za ulimwengu wote."

Hata ndani ya kambi yao hawakukubaliana hapa. Calvin akifafanua Warumi 5:18 aliandika kwamba Kristo aliteswa kwa ajili ya dhambi za ulimwengu mzima ingawa sio wote wanampokea, ila kwenye 1 Yohana 2:2 akawatoa waliokataliwa, yaani wale ambao Mungu hakuwachagua, mpaka leo wasomi wanavutana Calvin mwenyewe alisimama wapi. Na Moïse Amyraut kule Saumur, Ufaransa, karne ya 17, alifundisha kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote kwa sharti la imani na bado akahesabiwa mtu wa Reformed, yaani wa kambi hiyo hiyo ya Kikalvini, ingawa alishtakiwa kwenye sinodi. Kwahiyo ukimkuta Mkalvini anayeshika pointi nne na kuacha ya upatanisho wenye mipaka usimwambie amechanganyikiwa, ana babu zake.

Alafu Warumi 9. Hii sura inasomwa vibaya na pande zote mbili, sisi tunaikimbia na wao wanaishia mstari wa 23. Kaa chini usome 9 mpaka 11 bila kusimama. Yakobo na Esau wapo, Farao yupo, mfinyanzi yupo, na mstari wa 16 unasema "si katika yule atakaye, wala si katika yule apigaye mbio, bali ni katika yule arehemuye, yaani, Mungu", huo usiupunguze makali hata kidogo. Ila huyo mfinyanzi yupo pia Yeremia 18, na pale Bwana anasema taifa nililolitamkia kuling'oa likigeuka na kuacha uovu wake mimi nami nitaghairi, manake mfinyanzi wa Biblia anaangalia udongo unafanya nini. Alafu Paulo mwenyewe kwenye 11:20-23 anasema matawi yalikatwa kwa kutokuamini, wewe unasimama kwa imani, na wao wasipokaa katika kutokuamini watapandikizwa tena. Hoja inafungwa na 11:32, Mungu amewafunga wote katika kuasi ili awarehemu wote. Mkalvini mzuri atakurudisha 9:19, "Mbona angali akilaumu?", atasema kama Paulo alikuwa anafundisha kama wewe nani angeuliza swali hilo. Ni swali gumu na ndio maana mi nawaheshimu. Jibu langu ni kwamba anayeuliza ni Myahudi anayelalamika Mungu anatumia hata uasi wa Israeli kufikia kusudi lake, ila usilichukue kwasababu nimesema mimi, fuatilia mwenyewe mstari kwa mstari.

Pigo zito kuliko yote kwenye mfumo huu, kwa maoni yangu, ni habari ya waliokataliwa. Westminster sura ya 3 inasema wazi kwamba kwa amri ya Mungu wengine wameandikiwa uzima wa milele na wengine mauti ya milele. Calvin mwenyewe alikiri hiyo amri inatisha. Mwaka 1551 Jérôme Bolsec alisimama Geneva akaipinga hadharani, akakamatwa na kufukuzwa mjini, na Geneva ilipowaandikia makanisa ya miji mingine ya Uswisi kuomba waunge mkono majibu yalirudi ya uvuguvugu, kwahiyo usidhani kila Mwanamatengenezo alishangilia. Tena nyuma kabisa, Baraza la Orange 529 lililosimama na neema dhidi ya mafundisho ya Pelagio lilimlaani yeyote atakayesema Mungu ameandikia watu uovu. Hapa ndio unatakiwa uulize swali la Ezekieli 33:11, Bwana anaapa kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Calvin anajibu kwamba Mungu ana mapenzi yaliyofunuliwa na kusudi lililofichika, na kwetu yanaonekana mawili ila kwake ni moja. Mimi naona hapo panavunjika kitu, kwasababu nikihubiri kwa jirani yangu "Mungu anataka uokoke" nataka liwe kweli mpaka ndani kabisa moyoni mwa Mungu, lisiwe kweli juu juu tu huku chini kukiwa na amri nyingine iliyoshafunga mlango.

Na fuatilia hili mpaka kwenye uhakika wa wokovu, maana Wakalvini wanajivunia sana uhakika. Kwenye Institutio kitabu cha 3 sura ya 2 Calvin anasema waliokataliwa nao wakati mwingine wanaguswa na hisia zinazokaribia kufanana na za wateule, wanaonja neema kwa muda alafu inapita, alikuwa anajaribu kueleza Waebrania 6 pale watu waliofanywa washirika wa Roho Mtakatifu wanaanguka. Sasa kaa na hilo jambo uliwaze kama mshirika wa kawaida wa kanisa. Nimeamini, nimelia kwa furaha, nimebadilika, nitajuaje yangu sio ile ya muda? Kwa haki yake Calvin alijibu kwamba tusichungulie amri ya siri, tumtazame Kristo, yeye ndiye kioo cha uteule wetu, ni jibu zuri la kichungaji na mi nalitumia. Ila linasimama imara pale tu ambapo Kristo huyo kweli alikufa kwa ajili yangu mimi ninayetazama, na ukishasema alikufa kwa wateule peke yao umerudisha swali pale pale.

Ubatizo: waachie wajibizane wenyewe kwanza

Huku kazi ni nyepesi kidogo kwasababu Wakalvini wenyewe wamegawanyika. Wapresbiteri wanabatiza watoto, Wabaptisti wa 1689 hawabatizi, na wote wanadai agano. Hoja ya Calvin ni kwamba tohara ilikuwa alama ya agano la Ibrahimu, ubatizo umechukua nafasi yake, na watoto wa waaminio wamo ndani, wanatumia Wakolosai 2:11-12 na Matendo 2:39.

Usiishie kwenye nusu ya mstari. Matendo 2:39, "ahadi hii ni kwa ajili yenu, na kwa watoto wenu", endelea, "na kwa watu wote walio mbali, na kwa wote watakaoitwa na Bwana Mungu wetu wamjie." Kama watoto wanabatizwa kwasababu ahadi ni yao, walio mbali nao ahadi ni yao na hakuna anayewabatiza kabla hawajaitika. Zile nyumba zilizobatizwa nazo zisome mpaka mwisho. Askari wa gereza Filipi, Matendo 16:32 neno lilihubiriwa kwake na kwa wote nyumbani mwake, na mstari wa 34 nyumba nzima inafurahi. Nyumba ya Stefana aliyoibatiza Paulo, 1 Wakorintho 1:16, ukifika 16:15 unaikuta inahudumia watakatifu, sio kazi ya vichanga. Ya Lidia haisemi kitu upande wowote, kwahiyo wewe nawe usiisemee.

Ila swali linalowabana zaidi ni la meza ya Bwana. Calvin anasema mtoto abatizwe ila asipewe meza, kwasababu 1 Wakorintho 11:28 inataka mtu ajihoji mwenyewe. Sawa, lakini Petro alisema tubuni mkabatizwe, na kutubu kwa huyo kichanga kumesamehewa kwasababu yupo ndani ya agano, mbona kujihoji hakusamehewi kwasababu hiyo hiyo? Kama imani ya agano inatosha kwenye maji itoshe kwenye mkate. Sijasikia jibu la hapo lililoniridhisha.

Wakati huo huo uwe mwaminifu kuhusu historia. Wakalvini hawafundishi kwamba maji yanaokoa, Westminster sura ya 28 inasema nguvu ya ubatizo haijafungwa kwenye dakika ya kubatizwa, na Calvin alipinga kabisa wakunga kubatiza haraka haraka kichanga kinachokata roho, kwasababu alisema Mungu hamkatai mtoto kwa kukosa maji. Mama aliyefiwa na mtoto mchanga kabla hajabatizwa akija kwako analia, hapo Calvin atakusaidia kuliko walimu wengi, na Dort kwenye sehemu ya kwanza kifungu cha 17 wanawaambia wazazi wacha Mungu wasiwe na shaka juu ya uteule wa watoto wao waliofariki wachanga. Bado mimi ninauliza mama asiyeamini yeye tumwambie nini, kifungu hakimtaji, lakini kile kilichopo ni cha faraja na nisingependa mtu akidharau.

Unabii

Hapa kuna vitu viwili na watu wanavichanganya, karama ya unabii na unabii wa siku za mwisho.

Kwenye karama utaambiwa unabii ulikoma mitume walipokufa na Biblia ilipokamilika. Westminster sura ya 1 inasema zile njia za zamani za Mungu kujifunua zimekoma, na hoja hiyo iliongezewa nguvu sana na B. B. Warfield, mwalimu wa teolojia wa Princeton, Marekani, mwaka 1918. Andiko linaloletwa mara nyingi na wahubiri ni 1 Wakorintho 13:10, "ijapo ile iliyo kamili, iliyo kwa sehemu itabatilika", wanasema iliyo kamili ni Biblia. Sasa nenda kasome ufafanuzi wa Calvin mwenyewe kwenye huo mstari, anasema huo ukamilifu unaanza mtu anapokufa na utaonekana wote siku ya hukumu. Sio Biblia. Na mstari wa 12 unasema uso kwa uso, hakuna aliyeona uso kwa uso kwa kufunga Agano Jipya. Tena kwenye Institutio kitabu cha 4 sura ya 3 alisema mitume, manabii na wainjilisti waliinuliwa mwanzo wa kanisa na Bwana huwainua tena mara moja moja pale haja inapodai. Leo wapo Wakalvini wakubwa kama Wayne Grudem na John Piper wanaoamini karama zinaendelea, kwahiyo kukoma kwa karama sio lazima ukubali ili uwe Mkalvini.

Lakini elewa kwanini hoja hii inawavuta vijana wetu. Wamechoka. Wameona nabii anauza maji na mafuta, wameona mtu anatabiriwa ndoa kwa sadaka, na mwaka 2023 tukaona Shakahola kule Kenya, zaidi ya miili 400 imefukuliwa ya watu waliofunga mpaka kufa kwasababu mtu mmoja aliwaambia hiyo ndio njia ya kumwona Yesu. Ukienda kumjibu kijana kama huyo kwa kumwambia "unamzimisha Roho" hujamsikia. Andiko ni moja na lina pande zote, "Msimzimishe Roho, msitweze unabii, jaribuni mambo yote", 1 Wathesalonike 5, na sisi tumeshika la kwanza tukaacha la tatu.

Kwenye siku za mwisho nitaenda haraka. Calvin alifafanua karibu Agano Jipya lote ila Ufunuo hakuufafanua, na waliosubiri miaka elfu moja ya utawala duniani aliwaona wana mawazo ya kitoto. Zile chati za kunyakuliwa kwa siri na miaka saba hazikutoka kwake, zimetoka kwa John Nelson Darby karne ya 19 na zikasambazwa na Biblia ya Scofield ya 1909, yenye maelezo yake pembeni ya maandiko, na makanisa mengi ya kwetu yanazifundisha kama vile zilikuwepo tangu Petro. Kwahiyo hapa kipimo kiturudie na sisi. Na wao wapimwe pia, Westminster ya mwanzo ilimtaja Papa kuwa ndiye mpinga Kristo, Wapresbiteri wa kaskazini mwa Marekani walikibadilisha hicho kifungu 1903. Mkalvini akikwambia ungamo halirekebishiki mwonyeshe hapo.

Cha kufanya kanisani kwenu ni hiki. Mtu akisimama kusema Bwana ameniambia, liandikwe kwenye daftari na tarehe, lisitangazwe kwenye maikrofoni kabla wazee hawajalipima, maana 1 Wakorintho 14:29 inasema wengine wapambanue, na kama linahusu pesa, ndoa au kuacha dawa za hospitali lisimame hapo hapo mpaka lipimwe kwa andiko. Na yule ndugu Mkalvini anayewasumbua kwa maswali kila Jumapili muwekeni awe mmoja wa wanaopima, mpeni daftari ashike yeye.